Gurudumu Linaloitwa Balthazar

Siku mliyoniaga mlinipa kitenge na keki, mkatoa hotuba ndefu kuhusu uvumilivu wangu, ambao sijui mliuona wapi. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza jambo la maana: kwa nini lile gurudumu la lori lililoko pembeni mwa atelie yetu ya kuchora maandishi kwenye vyuma linaitwa Balthazar. Mnalitaja kutwa. "Balthazar amechoka, mpelekeni kwa Kambale." "Balthazar ameshiba, tuanze kazi." Mmoja wenu, simtaji, alimweleza mteja kwamba ni jina la kiwanda cha matairi huko Ulaya. Siku hiyo nilikuwa nimeinama juu ya pete ya watu, nikashindwa hata kucheka.

Basi nitaeleza. Ila nitaanza mwanzo kabisa, kwa sababu sasa mimi ni mstaafu na hakuna mteja wa kunigongea dirisha.

Niliingia kwa Papa Deo, mwenye atelie wakati huo, nikiwa bado binti. Alikuwa ametoka upande wa Bukavu kama sisi, akisali na baba yangu parokia moja, na nadhani hiyo ndiyo sababu pekee iliyofanya anikubali, maana alikuwa hajawahi kuona msichana akishika burini. Ninyi burini mnaijua, lakini shangazi zenu wakisoma haya watauliza. Ni kipande cha chuma kigumu chenye ncha kali, na mpini wake wa mti ni wa mviringo, unakaa kiganjani. Unasukuma, nacho kinachimba mstari kwenye shaba au fedha. Ukisukuma kidogo, hakichimbi. Ukisukuma sana, kinateleza na kwenda kinakotaka chenyewe. Siku yangu ya kwanza kilitaka kidole gumba changu. Papa Deo alikuja mbio, akachukua kile kisahani cha shaba nilichokuwa nikichora, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akashusha pumzi.

"Sahani iko muzima," akasema. "Kidole itapona yenyewe."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Miezi ya mwanzo sikuandika neno. Nilichora mistari, kisha mistari mingine, kisha duara, na kila jioni Papa Deo alipitisha kidole gumba chake juu ya kazi yangu akiwa amefumba macho. Macho, alisema, yanakubali kudanganywa na mng'aro, kidole hakikubali. Mstari ukimridhisha alisema "imekaa", yaani umetulia mahali pake na hautaondoka. Usipomridhisha hakusema kitu, alikwenda kunywa chai. Alikunywa chai nyingi sana mwaka ule.

Baadaye akaniachia pete za harusi, vikombe vya mpira wa miguu, vibao vya milangoni, misalaba ya makaburini. Nilijifunza kwamba pete ni rahisi na watu wake ndio wagumu. Kulikuwa na bwana mmoja aliyechorewa jina la mchumba nyuma ya saa yake. Akarudi tukalifuta kwa tupa, tukaandika jingine. Akarudi tena. Mara ya mwisho Papa Deo alimrudishia saa ile bila kuigusa. "Papa," akamwambia, "hii saa imekonda. Sasa oa, ao ununue ukuta." Yule bwana alioa.

Kisha mkono wangu ukagoma. Ulianza kuuma kwenye kifundo, baadaye ukawa unakufa ganzi ninaposukuma burini, na nikiamka asubuhi sikuweza kukamua kitambaa. Sista wa zahanati akaniambia nipumzishe mkono, nami nikamuuliza kama parokia yake ingekuja kuandika pete badala yangu. Niliogopa, nawaambia wazi. Sikuwa na kazi nyingine niliyoijua, wala sikuitaka.

Ndipo mteja mmoja akanionyesha kwenye simu video ya fundi wa ng'ambo. Burini yake ilikuwa imefungwa kwenye bomba dogo, na ndani ya bomba kipande cha chuma kilikuwa kikirushwa na upepo, kinagonga burini kutoka nyuma haraka haraka, tik-tik-tik, mpaka macho hayafuati. Yule fundi hakusukuma kitu. Alielekeza tu, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Nilimwomba mteja airudie hadi simu yake ikazimika.

Kifaa kama kile hakikuwa kikifika Goma, kwa hiyo nilikitengeneza. Bomba nililikata kutoka kwenye pampu ya baiskeli. Kigongeo kilikuwa kipande cha chuma cha mviringo kutoka gia ya pikipiki, nikakisugua kwa kitambaa na mafuta ya cherehani mpaka kikawa kinateleza bila kukwama. Spring ya kalamu ya bic ilikirudisha nyuma kila kilipogonga, na tundu dogo ubavuni liliruhusu upepo uliokwisha kazi utoke. Msichimbe tundu hilo mbele mno. Nililichimba mbele mno mara ya kwanza, na kifaa kiligonga mara moja, kikatulia kabisa. Mpira wa serumu, ule wa dripu ya hospitali, kutoka farmasi ulileta upepo, na chini ya meza nilifunga kipande cha kandambili kwenye bawaba: nikikikanyaga mpira unafunguka, nikiinua mguu unabanwa.

Lakini upepo wenyewe utoke wapi? Hapo ndipo nilipochukua kompresa ya frigo mbovu, yaani jokofu, ya mama mmoja aliyekuwa akiuza sambaza, dagaa wa ziwani. Frigo ikifa, kompresa yake mara nyingi bado hai, na haina kelele. Niliunganisha na chupa tupu ya kuzimia moto ili ihifadhi upepo, nikakanyaga kandambili, na burini ikaanza kuimba. Shida ilikuwa moja. Upepo wote ulinuka samaki. Ulitoka kwenye lile tundu la ubavuni moja kwa moja usoni kwangu na juu ya kazi ya mteja. Bibi arusi mmoja alinusa pete yake.

"Mama Espé, hii pete inanuka sambaza."

"Ni fedha mupya," nikamwambia. "Inanukaka vile."

Mchumba wake alikuwa mtu wa Lac Vert, aliyekulia ziwani. Naye aliinusa, akaitambua harufu, kisha akaamua kuwa siku ya harusi si siku ya ugomvi.

Papa Deo hakukubali kifaa changu hata kwa dakika moja. Wakati huo mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, ameacha kuchora, lakini alikuja kila siku kukaa kwenye kiti chake mlangoni na kutukosoa. "Ile ni mashini ya munganga wa meno," alisema. "Maandiko ya upepo itaenda na upepo." Na hakupitisha tena kidole chake juu ya kazi yangu. Nilijifanya sijali. Nilijali sana.

Frigo nayo ilikuwa na ugonjwa wake: bila umeme, haina maana, na umeme wetu mnaujua. Kwa hiyo nikamgeukia Kambale, kwado wetu, mziba matairi. Ninyi mnamjua akiwa mzee. Wakati huo alikuwa kijana wa Butembo mwenye sauti ya kuita watu mpaka Munigi, nje ya mji. Alikuwa na kompresa kubwa ya petroli, na kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao tu. Tulitoboa ukuta, tukapitisha mpira. Ikawa kila lori likija kujazwa, burini yangu inalala katikati ya herufi, na kila mimi nikichora jina refu, Kambale anapiga kelele kwamba ninamnyonya.

Dawa aliipata mwenyewe. Gurudumu la lori, alisema, ni chupa ya upepo iliyovaa mpira. Akanivingirishia moja alilomaliza kuziba, likiwa limejaa, tukafunga mpira wa serumu kwenye valvu yake, na mimi nikachora mchana kutwa kwa raha. Jioni alilijaza tena na kumpa mwenyewe. Hiyo ikawa desturi yetu. Kila tairi la lori lililozibwa pale lilipitia kwangu kwanza. Kambale alisema hata ni namna ya kulipima: likikaa kwa Mama Espé bila kuvuja, limepona. Wenye malori hatukuwaambia, kwa sababu hawakuuliza.

Sasa tunafika kwa Balthazar.

Mama Venantia mnamwona, yule anayepita asubuhi na kapu lake akitoka misa. Wakati huo mwanawe alikuwa anapewa upadri, na desturi ya kwetu mnaijua: wazazi humpa padri mpya kalisi, kikombe cha misa, na majina yao huchorwa chini ya mguu wa kikombe hicho. Kalisi yake ilichelewa njiani. Aliniletea Jumamosi, imefungwa kwenye taulo, na misa ya upadirisho ilikuwa kesho yake. Alitaka jina moja tu, la marehemu mumewe: Balthazar Cirimwami.

Nilipoifungua nikaona si fedha. Ilikuwa chuma kigumu kilichopakwa rangi ya dhahabu. Nilijaribu kwa mkono, burini ikateleza kama kwenye kioo. Papa Deo akaichukua bila kuombwa, akajaribu kwa mkono wake unaotetemeka, ncha ikavunjika. Akairudisha mezani, akakaa. Umeme ulikuwa umekatika tangu katikati ya juma. Na kompresa ya Kambale ilikuwa imekata mkanda asubuhi ile ile, mara tu baada ya kujaza gurudumu moja la Fuso. Upepo wote wa barabara yetu ulikuwa ndani ya gurudumu hilo. Kambale akalivingirisha kwangu kama kawaida, nikaliegemeza kwenye meza, nikaikalisha kalisi kwenye mfuko wa ngozi uliojaa mchanga wa volkano ili isitikisike, nikakanyaga kandambili.

Nilikuwa nimefika BALTHA niliposikia sauti upande wa pili wa mbao.

"Kambale! Gurudumu yangu iko wapi?"

Kambale akajibu: "Iko inapumuzika."

"Inapumuzika wapi?"

"Kwa jirani."

Mwenye sauti akaingia. Alikuwa Faustin, dereva wa ile Fuso iliyoegeshwa mbele ya mlango wetu, mtu mpana mwenye kofia ya sufu, na alikuwa na haraka ya kwenda mji wa Kiwanja kupakia nyanya. Akatazama gurudumu lake, akaufuata mpira wa serumu kwa macho mpaka kwenye mkono wangu.

"Mama, uko unafanya nini na pneu yangu?"

"Niko naandika."

"Unaandika na pneu?" Akamgeukia Kambale. "Mi nilileta pneu itengenezwe. Sikuileta isome!"

"Pneu ni yako," akasema Kambale, "lakini upepo ni yangu. Mi njo niliuweka."

"Upepo yenye kuwa ndani ya pneu yangu ni yangu! Mutu akiweka mayi mu kopo yako, utasema mayi ni yake?"

"Upepo ni ya Mungu," akasema Papa Deo kutoka kwenye kiti chake. "Lakini Mungu mwenyewe hakumuambia Espé aandikie nayo."

Faustin akainama kuchomoa mpira. Alikuwa na haki, na nyanya hazisubiri mtu. Lakini kabla mkono wake haujafika kwenye valvu, Mama Venantia, aliyekuwa akingojea kalisi yake, alilisukuma gurudumu, likaanguka chali, naye akakaa juu yake na kitenge chake, akaweka kapu magotini.

"Simama, Mama," akasema Faustin.

"Unichukue pamoja nayo. Tutafika wote Kiwanja."

Faustin alitutazama mmoja mmoja, akaona hakuna mtu mwenye akili wa kuzungumza naye. Akachungulia chini ya kalisi. "Baltha," akasoma. "Hiyo haiko jina. Hiyo ni mutu amekatwa."

"Njo vile," akasema Mama Venantia. "Bwana yangu amekatwa hapo."

Kisha akasema mengine, taratibu, akiangalia kapu lake na si sisi. "Tangu alikufa, hakuna mutu anaitaja jina yake. Ku nyumba wanasema marehemu. Ku parokia wanasema bwana ya Venantia. Mi mwenyewe nikimuota, namuita weye tu. Nataka mutoto wake, kila akishika ile kalisi, aone jina ya baba yake, aitaje. Siombi kintu ingine. Aitaje tu."

Faustin akavua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Andika," akaniambia. "Lakini andika mbio, si sawa batu ya ofisi."

Niliandika. Faustin alitoa kipimo chake cha upepo, na kila baada ya herufi alichomoa mpira, akakibana kwenye valvu katikati ya rimu, akaurudisha, hali Mama Venantia bado amekaa juu, maana hakuwa amemwamini bado. "Imeshuka," alisema Faustin. "Inashuka tena. Mama, hiyo Z umekula nayo upepo mingi." Nilipofika kwenye jina la pili burini ilianza kuchoka. Kwanza iliguna, kisha ikawa inanitekenya tu kiganja. Nikaondoa mguu kwenye kandambili. Palikuwa na C, na I, na R, na baada ya hapo chuma kitupu. Mama Venantia hakulia. Alipangusa tu kalisi kwa ncha ya kitenge, kana kwamba kasoro ilikuwa vumbi.

Faustin akatoka nje. Nilidhani anakwenda zake. Akarudi mlangoni.

"Vuta mupira yako, ulete huku. Gari iko na magurudumu ingine."

Basi nilikaa kwenye kigoda kando ya barabara, mfuko wa mchanga magotini, kalisi juu yake, na mpira wa serumu ukatoka kwangu hadi gurudumu la mbele la Fuso. Kandambili ilibaki ndani, kwa hiyo Kambale alikuwa anabana mpira kwa vidole, nami nilimwamuru "achia" na "shika". Lori lilianza kuinama. Kila herufi ilipokwisha, liliinama zaidi upande wangu, mpaka kioo chake cha pembeni kikawa kinanitazama karibu. Wamotari, waendesha pikipiki, wakasimama kuona lori linalopiga magoti mbele ya mwanamke. Wenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wakatua mizigo. Mmoja akauliza kunaandikwa nini, mwingine akainama akasoma, na tangu hapo kila herufi iliyokwisha waliitamka wote kwa sauti. "I!" "M!" "W!" Nilikuwa natoka jasho kwa aibu na kwa furaha. Herufi ya mwisho ilikwisha upepo ukiwa bado unanong'ona, na yule aliyeinama akalisoma jina lote tangu mwanzo, na barabara nzima ikarudia baada yake:

"Balthazar Cirimwami!"

Hapo ndipo Mama Venantia alipolia.

Papa Deo alikuwa ametoka na kiti chake ili asikose kukosoa. Akanyoosha mkono, nikampa kalisi. Akafumba macho, akapitisha kidole gumba chini ya mguu wa kalisi, kutoka B mpaka I, polepole, kidole kikitetemeka. Nilimngoja. Hata Faustin, ambaye hakujua tunangoja nini, alingoja.

"Imekaa," akasema Papa Deo. Kisha akaongeza, ili nisije nikavimba kichwa: "Lakini inanuka pneu."

Kesho yake Faustin alikuwepo kwenye misa, benchi la nyuma, na kofia yake mkononi, kwa kuwa lori lake lilikuwa bado limeinamia upande mmoja mbele ya atelie na mkanda wa kompresa haujapatikana. Nyanya za Kiwanja zilichukuliwa na mwingine. Padri mpya alipofika mahali pa kuwaombea marehemu, aliinua kalisi juu kidogo ya macho, akachungulia chini yake, akalitaja jina la baba yake kwa sauti. Mama Venantia alikuwa amesimama mbele yangu. Niliona mabega yake yakishuka, kama ya mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Baada ya majuma kadhaa Faustin alisimamisha Fuso mbele ya mlango, akashusha gurudumu kuukuu, tairi limekwisha meno lakini zima, na kulivingirisha mpaka pale pembeni lilipo hadi leo.

"Hii ni yako," akaniambia. "Zile zingine usiziguse tena."

"Aksanti, Papa Faustin."

"Iko na jina," akasema. "Inaitwa Balthazar."

Tangu siku hiyo tunalijaza kwa Kambale asubuhi, na anayelirudisha hutangaza mlangoni kwamba Balthazar ameshiba. Mimi nilianza, ninyi mkaiga bila kujua. Na Mama Venantia, akitoka misa, huenda polepole anapofika dirisha letu. Mnadhani amechoka miguu. Mara nyingi sana nilimwona akisimama hapo na kapu lake mpaka mmoja wenu apaze sauti, ndipo anatabasamu na kwenda zake.

Kwa hiyo kigongeo kitieni mafuta ya cherehani, si ya kupikia. Maji yanayojikusanya ndani ya Balthazar yamwageni kila Jumatatu. Na mkishamjaza, msiseme "gurudumu limejaa". Semeni jina lake, kwa sauti, na dirisha liwe wazi.